Dawa Iliyokubali Wiki Moja na Kukataa Nyingine: Uchambuzi wa Kisa cha Fundi Cherehani wa Moshi

Mhusika na tiba yake

Mhusika wa kisa hiki ni fundi cherehani wa kike mwenye umri wa miaka 36, mkazi wa Majengo mjini Moshi, aliyepanga fremu moja si mbali na Soko Kuu, ambamo anashona na kuwafundisha kazi wasichana wawili. Ana watoto wawili, na mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu ambaye kwa sehemu kubwa ya mwezi huwa barabarani. Ameridhia kisa chake kiandikwe, na mambo ambayo yangeweza kumtambulisha yamebadilishwa. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Kazi yangu kwake ilikuwa kufuatilia jinsi dawa inavyotumika, si kuiandika.

ADHD, yaani ile hali ya umakini kutokaa mahali pamoja, papara na mwili usiotulia, iligunduliwa kwake akiwa mtu mzima, tena kwa mlango ambao wazazi wengi huingilia: alikuja kwa ajili ya mtoto. Mwanawe wa miaka 9 alikuwa akirudi nyumbani na barua za mwalimu, na daktari alipokuwa akiuliza maswali kuhusu mtoto, mama alijikuta anajibu habari zake mwenyewe. Jambo hilo halishangazi, kwa kuwa tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa urithi huchangia asilimia 70 hadi 80 ya tofauti iliyopo kati ya mtu na mtu katika hali hii. Vigezo vya uchunguzi hutaka dalili ziwe zilianza kuonekana kabla ya umri wa miaka 12, kwa hiyo shangazi aliyemlea aliitwa, naye akaeleza habari za msichana aliyepoteza masweta ya shule, aliyesahau ndoo bombani na ambaye "ukimtuma chumvi anarudi na habari za harusi."

Daktari alimwanzishia methylphenidate ya muda mfupi, miligramu 10 saa moja asubuhi na miligramu 10 nyingine saa sita mchana. Mtoto alikwisha kuandikiwa dawa hiyo hiyo, kidonge kimoja asubuhi kwa siku za shule tu. Dawa hii huzuia dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe ubongoni, zisirudishwe upesi ndani ya seli za neva zilizozitoa, hivyo zikabaki zikifanya kazi kwa muda mrefu zaidi. Matokeo yake huanza kuonekana ndani ya saa moja hivi, na baada ya saa tatu hadi nne nguvu yake huwa imekwisha. Nautaja muda huo mapema kwa sababu sehemu kubwa ya kilichofuata inategemea saa hizo.

Malalamiko

Miezi minne baadaye alirudi kliniki akasema, "Sista, hii dawa wiki moja inanikubali, wiki nyingine inanikataa." Katika wiki njema alimaliza nguo kwa siku aliyoahidi na hata kuandika vipimo vya wateja kwenye daftari. Katika wiki mbaya vitambaa vilivyokatwa nusu vilirundikana juu ya meza, wateja walipiga simu hadi akaizima, na jioni alikuwa mchovu na mkali kwa watoto. Nyumbani, mama mkwe alikwisha kutoa hukumu kwamba hizo ni dawa mpya za kichaa ambazo wazungu wanazijaribia kwa watu. Dawa yenyewe ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944 katika kampuni ya Ciba nchini Uswisi na kuanza kuuzwa kwa jina la Ritalin mwaka 1954, hivyo huenda inamzidi umri mama mkwe. Lakini fundi hakuwa na jibu la kumpa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuitilia shaka.

Mgonjwa akilalamika kwamba dawa haifanyi kazi, wazo la kwanza ni kupandisha kipimo. Daktari alilifikiria, ila kabla ya kuandika alitaka kujua kidonge kinafikaje mdomoni. Alikuwa na sababu nzuri. Mtu anayemeza siku nne na kukosa siku tatu, ukimpandishia kipimo, atapata dawa kali zaidi katika siku nne na hatapata chochote katika zile tatu, yaani atapanda na kushuka kwa kishindo zaidi.

Kilichopatikana kwenye mkoba

Nilimwomba aje na kila kitu kinachohusu dawa: vidonge vilivyobaki, maboksi matupu, risiti na vyeti. Alikuja na mkoba wake wa kazi na kuumimina mezani, na katikati ya pini, chaki na vipande vya zipu tulipata habari ambayo maswali ya kliniki hayakuwahi kuitoa.

Risiti zilitoka mahali kadhaa. Karibu zote zilikuwa za vidonge vichache, vya siku kumi au pungufu yake, kwa sababu bei ya mwezi mzima ilikuwa kubwa kuliko fedha aliyokuwa nayo mkononi siku yoyote ile. Hana bima, na kipato cha fundi huja mteja anapochukua nguo. Tulipozipanga risiti kwa tarehe, mapengo yalijitokeza. Siku kumi za dawa, kisha siku nne bila dawa. Siku tano, kisha wiki nzima bila. Tukayalinganisha mapengo hayo na wiki alizoziita mbaya, na yakaangukia palepale. Dawa haikuwa ikimkataa. Ilikuwa haipo.

Kulikuwa na jambo la pili, ambalo alilieleza akiwa ameinamisha kichwa. Vidonge vyake na vya mwanawe vilihifadhiwa pamoja ndani ya kopo moja la Blue Band juu ya kabati. Vyake vilipokwisha alichukua vya mtoto, kwa nia ya kuvirudisha akinunua, na aliponunua hakukumbuka deni. Barua za mwalimu zilizokuwa zimekoma zikaanza tena, na familia ikahesabu kuwa dawa imemkataa mtoto pia. Hapo kosa moja la ununuzi lilikuwa limezaa wagonjwa wawili wasiotibika.

La tatu lilikuwa la hatari. Kati ya vipande vya karatasi za vidonge kulikuwa na kimoja kisichofanana na vingine, cha miligramu 20, ambacho alikinunua kwa mtu anayeuza dawa kwa WhatsApp. Kwa kuwa kipimo chake ni miligramu 10, alikivunja nusu. Kilikuwa kidonge cha kutoa dawa polepole, kilichotengenezwa ili mtu akimeze kizima na dawa itoke kwa kipimo kwa muda wa saa kadhaa. Ukikivunja, utaratibu huo unaharibika na dawa inaweza kutoka nyingi kwa mara moja. Alieleza kwamba siku hiyo moyo ulimwenda mbio, mikono ikatetemeka hadi akashindwa kutunga uzi, na usiku hakupata usingizi. Shinikizo la damu na mapigo ya moyo, ambavyo kwa mtumiaji wa dawa hii hupimwa kila anapohudhuria, vilikuwa vya kawaida tulipompima.

Kwa nini kununua kulishindikana

Ni rahisi kusema kwamba mwanamke huyu ni mzembe, na wapo ndugu waliosema hivyo. Lakini tuitazame kazi yenyewe. Ili kununua dawa ya mwezi, mtu lazima ajue vimebaki vidonge vingapi kabla havijaisha, awe na fedha siku hiyo, akijue cheti kilipo, achague duka, afike likiwa wazi, alikute na dawa, na kama haipo aanze upya kwingine. Hatua hizo hazina mtu wa kumsukuma wala saa ya mwisho inayopiga kelele, na ndizo hasa ambazo ADHD huzivuruga. Tena kazi hiyo inamwangukia wakati vidonge vinaelekea kwisha au vimekwisha, yaani siku ambayo kichwa chake kina msaada mdogo kuliko siku nyingine zote. Ni sawa na kumtaka aliyevunjika mguu apande ghorofani kwanza kuchukua magongo yake.

Kwa kununua vya siku kumi badala ya mwezi, aliifanya kazi hiyo ngumu mara tatu pale ambapo mara moja ingetosha. Na kwa kubadilisha maduka, kila mara aliianza kama mgeni.

Hili la kubadilisha maduka linahitaji maelezo, kwa kuwa methylphenidate haipatikani kama panadol. Imo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na nchi zilizo katika mkataba huo zinatakiwa kuhakikisha kuwa inatolewa kwa cheti cha daktari na kwamba kumbukumbu za utoaji zinatunzwa. Pia kwa miaka mingi haikuwamo katika orodha ya dawa muhimu ambayo Shirika la Afya Duniani huitoa na nchi nyingi kuitumia kama kielelezo. Maombi ya kuiingiza yalikataliwa mwaka 2019 na tena mwaka 2021. Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba si kila famasi huiweka, na inayoiweka haiwezi kuitoa kwa maelezo ya mdomo, hata kama mteja anafahamika mtaa mzima.

Maduka aliyokuwa akiyazungukia

La kwanza lilikuwa Duka la Dawa Muhimu lililo jirani na nyumbani kwake. Maduka ya aina hii, yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 na kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi, yamesogeza dawa karibu na watu kuliko huduma nyingine yoyote ya binafsi ninayoijua, na mtoa dawa wa pale ni mtu mwema anayemsalimia fundi kwa jina la mwanawe. Ila hayaruhusiwi kuuza dawa ya kundi hili. Fundi alilijua hilo baada ya kuambiwa zaidi ya mara moja, na bado katika wiki mbaya miguu ilimpeleka huko, kwa sababu ndiko alikozoea kununua dawa za watoto.

La pili lilikuwa dirisha la dawa la hospitali anakohudhuria. Hapo hakuna swali kuhusu cheti, na mgonjwa anatoka kwa daktari moja kwa moja. Tatizo ni foleni, ambayo kwake ina maana ya kufunga fremu nusu siku, na pia uhakika wa dawa kuwepo, ambao haukuwa wa kila mwezi.

La tatu lilikuwa famasi kubwa upande wa stendi, ambayo bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote, naye aliipenda kwa sababu hiyo. Tulipokaa tukahesabu, unafuu wa bei kwa vidonge vya siku kumi ulimezwa na nauli ya bajaji ya kwenda na kurudi, na hapo hatujahesabu saa alizopoteza njiani akisimama kutazama vitenge. Kibaya zaidi, famasi hiyo ilibaki na cheti ikiwa imetoa sehemu tu ya dawa; siku alipopita mahali pengine palipokuwa na dawa, hakuwa na cheti cha kuonyesha. Mfamasia wa pili alikataa kumpa, na alikuwa sahihi kabisa, lakini fundi aliondoka akiona ametuhumiwa wizi, na kwa siku kadhaa hakwenda popote.

Kuna wakati alimtumia fedha mdogo wake aliyeko Dar es Salaam, akanunua na kutuma kwa basi. Njia hiyo iliwahi kufanikiwa. Lakini inamtaka mtu wa pili akumbuke, na inamtaka fundi apeleke cheti halisi umbali wa zaidi ya kilomita 500, halafu kifurushi kikae ofisi ya basi hadi kitakapofuatwa.

Kuhusu muuzaji wa WhatsApp sina mengi. Anapokea oda hata usiku na haulizi cheti, na ukitazama kwa jicho la mtu mwenye ADHD utaelewa kwa nini alivutia: ameondoa hatua zote ngumu. Ameziondoa pamoja na kila ulinzi. Hakuna ajuaye dawa hiyo imetoka wapi, imekaa kwenye joto gani, wala nani ataulizwa ikimdhuru mtu, na kile kidonge kilichovunjwa nusu kingepita mikononi mwa mfamasia kisingevunjwa.

Uamuzi wa mahali pa kununua

Vigezo tulivyovitumia vilikuwa tofauti na alivyokuwa akivitumia yeye. Bei tuliiweka chini kwenye orodha. Kilichowekwa juu kilikuwa ni kiasi gani duka linampunguzia cha kukumbuka, kisha kama liko kwenye njia anayopita hata kama hana haja nalo, kisha kama mtu yule yule huwa nyuma ya kaunta.

Famasi iliyochaguliwa iko kati ya shule ya mwanawe na fremu yake. Haina bei ya chini, wala haikuwa na dawa siku tulipouliza, lakini mfamasia alisema kwamba akihakikishiwa mteja wa kila mwezi ataiagiza, kwa kuwa kilichomfanya asiiweke ni hofu ya kubaki nayo mpaka iishe muda. Mazungumzo hayo yalifanywa na fundi mwenyewe, nami nikiwa pembeni. Mfamasia, mzee wa makamo, alimwita "mama" na kumtoa kaunta hadi kwenye kiti cha nyuma ili wateja wengine wasisikie, jambo ambalo kwa maoni yangu lilichangia mafanikio kuliko mpango wowote tulioandika.

Yaliyokubaliwa ni haya. Cheti kinapelekwa pale siku ya kliniki na kubaki pale. Dawa inatolewa ya mwezi mzima, ya mama na ya mtoto katika mifuko miwili yenye majina na rangi tofauti. Malipo yanafanywa kwa kudunduliza: kila Jumamosi alasiri, baada ya kikao cha kikoba, fundi anatuma robo ya bei kwa lipa namba ya famasi, na Jumamosi ya nne anachukua mzigo. Kikoba kilichaguliwa kwa sababu ni jambo pekee ambalo fundi huyu hachelewi. Kuna faini, na kuna macho ya wenzake. Wenzake hawajui lolote kuhusu dawa, na hakuna ulazima wa kuwaambia. Tulichoazima kwao ni siku yao tu.

Ili Jumamosi zisipishane na vidonge, tulimwomba daktari aandike dawa ya siku 28 badala ya siku 30. Vidonge vya mama vikawa 56 na vya mtoto 20, na kila mzunguko mpya ukaanza Jumatatu, ili akishindwa kufika Jumamosi, asubuhi ya Jumatatu ibaki kuwa nafasi ya kurekebisha, kwa kuwa famasi hufunguliwa kabla hajafika kazini. Mabadiliko hayo ya siku mbili hayakumgharimu mtu chochote, na nadhani kliniki nyingi zingeweza kuyafanya kwa kila anayetumia dawa ya muda mrefu.

Palikuwa na wazo jingine, kwamba famasi impe vidonge vya wiki moja kila Jumamosi akilipa. Lingepunguza akiba ya dawa inayodhibitiwa nyumbani, na kwa mgonjwa mwingine, hasa mwenye historia ya kutumia vibaya vilevi, ningelichagua. Kwa fundi huyu nililipinga, kwa sababu kila Jumamosi iliyokosekana ingekuwa wiki bila dawa, wakati katika mpango wa kudunduliza akikosa Jumamosi moja anadaiwa fedha tu na vidonge viko kabatini.

Daktari alipima pia kama ahamie atomoxetine, dawa nyingine ya ADHD ambayo si kichangamshi kama methylphenidate, haina masharti yale ya mkataba, na ikimezwa asubuhi hufanya kazi siku nzima. Watu huidhania kuwa jawabu la matatizo ya ununuzi. Lakini nguvu yake hujengeka kwa wiki kadhaa, na anayeikatiza kila mara huenda asifike kamwe mahali pa kuona faida yake, ilhali methylphenidate humrudia mtu siku ile ile anayoimeza. Kwa mgonjwa ambaye tatizo lake ni mapengo, kubadilisha dawa kabla ya kuziba mapengo kungekuwa kuyahamisha tu.

Kidonge cha mchana

Cha asubuhi hakikuwa na shida kubwa. Alikimeza pamoja na chai na kumpa mtoto chake palepale. Cha mchana kilikuwa kinapotea hata katika wiki ambazo dawa ilikuwepo. Aliweka kengele ya simu, lakini kengele ililia akiwa na futi ya kupimia shingoni na mteja mbele yake, akaizima, na baada ya hapo hapakuwa na kengele tena. Kengele humkumbusha mtu. Kidonge kikiwa kwenye mkoba ulioning'inizwa upande wa pili wa fremu, kukumbushwa hakutoshi.

Mama ntilie humletea chakula saa sita, naye hubaki mlangoni akisubiri sahani zilizotangulia. Tulikifungamanisha kidonge na sahani hiyo. Kila asubuhi anatoa kidonge kimoja tu nyumbani, anakitia kwenye kikopo kidogo chenye kifuniko, na akifika kazini anakifungia kwenye droo ya cherehani, ambayo ufunguo wake anao yeye. Chakula kikifika, droo inafunguliwa. Kikopo kikiwa kitupu amekwisha kumeza, na swali la "nimemeza au sijameza" linajibiwa kwa kutazama, si kwa kukumbuka. Akikikuta kimejaa baada ya saa tisa, anakiacha mpaka kesho, kwa sababu kikimezwa jioni humnyima usingizi. Wala hamezi viwili kwa pamoja kufidia. Kula kwanza kulikuwa na faida nyingine: dawa hii hupunguza hamu ya chakula, na alikuwa ameanza kupungua uzito.

Soko la jioni

Suala la mahali pa kununua halikuishia kwenye dawa, kwa kuwa fedha ya dawa ilikuwa ikitoka kwenye mfuko ule ule wa nyuzi, vitambaa na mboga. Fundi alikuwa na mazoea ya kwenda Mbuyuni au Memorial baada ya kufunga kazi, saa kumi na moja hivi, wakati ambapo kidonge cha saa sita kimekwisha nguvu. Kelele, rangi na watu wanaoita kutoka kila upande humshinda mtu saa hizo, na alirudi na viatu vya mtumba, maparachichi ya kugawa kwa majirani na bila ule uzi mweusi aliouendea. Kesho yake alitoka tena kufuata uzi.

Sikumshauri aache soko. Anajua kuchagua kitambaa kwa kukigusa, anajua kupatana bei, na kule ana marafiki. Kilichobadilishwa ni saa na aina ya manunuzi. Vifaa vya kazi, yaani nyuzi, zipu, vifungo na bitana, sasa vinanunuliwa Jumanne saa tatu asubuhi katika duka moja la vifaa vya ushonaji lenye bei isiyobadilika, kwa karatasi anayoiandika msichana wake wa kazi baada ya kukagua rafu. Mbuyuni anakwenda Jumamosi kabla ya kikoba, akiwa na noti alizohesabu, na simu yenye salio anamwachia binti yake mkubwa. Duka lililomkaribisha kwa daftari la mkopo tuliliondoa. Mkopo ni rahisi kuuanza na unadai kukumbukwa, kitu ambacho tayari ana upungufu nacho.

Desemba

Mpango wowote wa mjini Moshi usiotaja Desemba haujakamilika. Wenyeji wanaoishi Dar es Salaam na kwingineko wanapanda nyumbani kwa Krismasi, oda za mishono zinajaa, fundi analala saa chache, mabasi yanabeba watu na mizigo kupita kawaida, na ratiba za kliniki zinaingiliwa na sikukuu. Ndio mwezi wa fedha nyingi kwake na wa usumbufu mwingi. Tulisogeza hudhurio lake hadi wiki ya kwanza ya mwezi huo, ili cheti kiwe famasi kabla ya msongamano na mfamasia aagize mapema. Pia tulipatana kwamba kidonge cha tatu cha jioni, ambacho aliomba ili ashone usiku, hakitaandikwa. Alinuna kidogo, kisha akachukua oda chache kuliko mwaka uliotangulia.

Hali ilivyo sasa

Kipimo hakikupandishwa. Mapengo ya siku nyingi yamekoma, barua za mwalimu zimepungua, na uzito wa fundi umerudi. Jumapili bado humponyoka, kwa kuwa hakuna mama ntilie wala fremu, na hilo daktari ameamua kulivumilia, ingawa fundi mwenyewe anasema siku hiyo ndiyo ugomvi wa nyumbani hutokea.

Udhaifu mkubwa ulijitokeza mfamasia alipokwenda likizo. Kijana aliyeshika nafasi yake hakujua habari ya malipo ya Jumamosi wala ya cheti kilichokuwa kwenye faili. Alimwambia fundi arudi wiki ijayo, na bila risiti za simu kuonyesha alichokwisha kulipa angerudishwa kweli. Mpango ulikuwa umekaa kichwani mwa mtu mmoja. Sasa upo kwenye kadi ya karatasi ngumu yenye mhuri wa famasi, inayoonyesha tarehe ya cheti, idadi ya vidonge vya kila mmoja, malipo yaliyofanyika na jina la anayetakiwa kupigiwa simu kukiwa na utata. Nakala moja iko famasi, nyingine iko ndani ya daftari la kikoba, na mzee yule ameahidi kumtambulisha fundi kwa kijana wake kabla ya likizo ijayo.